Wimbo wa Sita

Albamu ya Kadesa ina nyimbo kumi.
Mimi nimo katika wa sita,
dakika ya pili na nusu, filimbi ikishanyamaza:
mwenye kinu pale Chavakali
alizima mota anisikilize.

Sikuzima.
Mkanda ulikatika.
Nilikuwa nimepiga goti, spana kinywani,
grisi hadi viwikoni,
nikimtukana aliyeniuzia mkanda ule kule Mbale
matusi yasiyofaa albamu yoyote.
Ndipo nyuma ya mabati,
katika chumba nilichomkodisha,
sauti yake ikatokeza
kama mtu aliyebisha hodi mwezi mzima
na leo ndiyo kwanza mlango umeshindwa kujifunga.

Nilisikia, naam.
Sikukusudia.

Alihama na deni la miezi miwili.
Sikumfuata. Gitaa lake lilikuwa na ufa
uliozibwa kwa gundi ya viatu.
Ungemdai nini?

Kisha albamu ikafika kabla ya mwenyewe.
Kwa kinyozi, wimbo wa sita.
Kwa anayeuza mitumba, wimbo wa sita.
Kina mama wa Kanisa la Marafiki,
wakishusha mahindi mlangoni pangu,
waliuvumia puani na kunitazama upya:
"Asava, kumbe una moyo!"
Mwalimu Vihenda alitaka kujua
nilihisi nini saa ile.
Nikamwambia ilikuwa yapata saa kumi na moja,
nikamjazia gorogoro, nikaongeza konzi.
Uongo haukuwa wangu.
Niliusaga tu, kama ninavyosaga
chochote kinacholetwa.

Mwezi wa nane simu ikalia mfukoni:
kodi ya miezi miwili, haikupungua shilingi,
na tikiti ya Kisumu. Hakuna neno.

Nakuru, walisema, watu walisimama hadi nje.
Kakamega mvua iliua spika ya kulia
akaimba upande mmoja.
Kisumu nilikaa karibu na choo,
koti la harusi ya ndugu yangu mwilini,
unga bado ndani ya masikio.
Isukuti tatu kutoka Khayega.
Kijana wa Kondele kwenye besi, akitafuna ubani
kana kwamba hakuna kilichomhusu.
Na yeye, viatu vya njano,
amenenepa kidogo, nikafurahi.

Wimbo wa sita.
Alipofika kwangu akalaza kiganja juu ya nyuzi.
Ngoma zikakoma. Besi ikakoma.
Hata taya la yule kijana likakoma.
Watu mia nne na ushei
na hakuna aliyekohoa;
wote wakishika kimya
walichoamini nilikitoa mimi.

Nilitaka kusimama.
Neno mkanda lilinifika menoni.
Nikalitafuna
polepole,
likawa na ladha ya grisi.

Hakunitazama. Taa zilikuwa machoni pake.
Akaondoa kiganja, wimbo ukaendelea,
na jirani yangu, mama nisiyemjua,
alikuwa analia ndani ya leso ya mtoto.

Jumanne nilikuwa kinuni.
Foleni ndefu, debe nyuma ya debe.
Mkanda mpya, haujamaliza wiki.
Sijui mkono ulitumwa na nani.
Ukapanda ukutani, ukabonyeza swichi.

Kinu kikazunguka kidogo kwa mazoea,
kikachoka.
Unga ukawa unashuka hewani taratibu.
Chumba cha nyuma siku hizi anakaa fundi cherehani.
Nikasikiliza:
kijiko ndani ya sufuria,
mkasi ukiwekwa mezani,
kuku.
Nikasikiliza tu.

"Stima imepotea?" akauliza Mama Endovo
kutoka katikati ya foleni.

"Ipo," nikasema.